Kamba ya Shemeji

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana sisi watu wa Likasi, huku kusini mwa Kongo, tukisimulia huanza na makosa ya jirani. Kamba ya shemeji wangu niliitoa kazini nikampa mke wangu aanikie nguo. Tena niliifunga mwenyewe pale uani, huku naimba wimbo wa kanisani.

Ilikuwa kamba ya nailoni, ya buluu, nene kama kidole gumba, na kwa miaka mingi ilikuwa na kazi moja tu: ncha moja kiunoni kwa shemeji, ncha nyingine mkononi mwangu. Tulikuwa tunasafisha matangi ya asidi katika kiwanda kimoja kidogo upande wa Shituru. Shaba haitoki kwenye jiwe kwa kubembelezwa. Jiwe husagwa, hulowekwa kwenye asidi ndani ya tangi kubwa kama nyumba, na baada ya miezi chini hubaki tope zito linaloganda kama ukoko wa bukari, ugali wetu wa huku. Tangi likishamwagwa na kuoshwa, lazima mtu aingie kwa mlango mdogo wa chini, akiwa na koleo, alikwangue tope lote mpaka chuma kionekane. Huyo mtu alikuwa shemeji, mdogo wake mke wangu. Mimi nilikaa nje ya mlango na kamba.

Mle ndani sauti haifai kitu. Ukisema neno moja tangi linakurudishia kumi. Kwa hiyo tuliongea kwa kamba. Mvuto mmoja: niko mzima. Miwili: nipe maji. Mitatu: nitoe. Kila baada ya muda mimi nilivuta mara moja kumuuliza hali, naye akajibu mara moja. Asipojibu, unavuta kwa nguvu zako zote na huombi ruhusa kwa mkubwa yeyote. Na juu ya hayo yote kulikuwa na sheria moja tuliyofundishwa na wazee wa kazi siku ya kwanza kabisa: hatuachi muntu ndani.

Shemeji alipewa kazi ya ndani kwa sababu ya kifua chake. Alizaliwa kule Koni, karibu na mto Lufira, na utotoni alikuwa anazamia kunasua nyavu za baba yake zilizokwama kwenye visiki. Alikaa chini ya maji mpaka mama yake aanze kupiga kelele. Siku nilipompeleka kiwandani kwa mara ya kwanza, mke wangu alisimama mlangoni, akanishika shati hapa kifuani.

“Minye nakupa ndugu anatembea,” aliniambia. “Utanirudishia ndugu anatembea. Umesikia?”

Nilisikia. Nani asingesikia? Mke wangu akisema kwa sauti ya chini, hata kuku huacha kula.

Basi miaka ikaenda. Kila asubuhi walitupa pakiti ya maziwa, maana kwetu inaaminika maziwa huosha kifua. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba shemeji alikunywa maziwa ya kutosha kumlea ndama, na kikohozi kilikuja vilevile. Kwanza kilikuwa cha asubuhi. Baadaye akawa anasimama katikati ya njia tukirudi nyumbani, anajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya plastiki, havina kamba! Nilimtazama anavyohangaika pale chini, nikajifanya natazama njia, maana aibu ya mtu mzima huifuniki kwa kuisema.

Mwishowe alikwenda kwa daktari mmoja wa Kikula, kwa siri. Alirudi akaniita nyuma ya nyumba.

“Yaya,” alisema, maana aliniita Yaya, kama kaka yake mkubwa. “Dokta anasema kifua imechoka. Anasema nikiendelea kuingia, sitazeeka.”

“Basi acha!”

“Niache, nikule nini? Nikisema niko mugonjwa, batanifukuza kesho. Usimuambie dada. Na bakubwa ba kazi, hapana kabisa.”

Nilikubali. Hilo ni kosa langu la pili, na kwa kweli ndilo lilikuwa la kwanza. Nilimfichia. Niliendelea kushika kamba huku najua ninachokijua, na kila alipochelewa kujibu nilikuwa nimeshaizungusha kamba mara mbili kiganjani.

Mke wangu hakuambiwa, lakini ana masikio. Akina mama wa kanisa letu kule Kikula walifunga siku tatu wakiomba Mungu afungue mlango kwa ajili ya ndugu yake. Mlango ulikuja juu ya lori, ndani ya sanduku la mbao.

Ilikuwa roboti. Kimo chake kama cha mbuzi, mgongo bapa kama meza ya muuza nyanya, chini ina mikanda ya mpira kama ya katapila. Mbele ina kamera, taa mbili, bomba la maji ya nguvu na mkono wa chuma wa kukwangua. Nyuma inatoka kebo nyeusi, ndefu, inayoipa umeme na kurudisha picha kwenye kioo nje. Anayeiendesha hukaa kwenye kiti kivulini na kushika kijiti. Aliyeileta ni injinia mmoja, mwanamke kijana wa Lubumbashi, umri sawa na binti yangu wa pili, mwenye kofia nyeupe na Kifaransa cha haraka haraka.

Tukaiita Mugeni. Siku ya kwanza iliwekwa tu pale tuitazame. Mpishi, kwa mzaha, aliiwekea pakiti yake ya maziwa, na shemeji akainywa. Siku ya pili ilizunguka uwanjani na kugonga pipa. Siku ya tatu mzee mmoja wa pampu akapiga kelele, “Eh! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!” Na kweli, siku ya tatu iliingia tangini.

Nisiseme uongo: mimi niliichukia. Nina hasira za haraka, kama moto wa karatasi, na niliona kile kidude kimekuja kutunyang'anya mkate. Wenzangu wengine walisema hivyo waziwazi. Lakini injinia alitukusanya, akavua kofia yake, akatuambia kwa Kiswahili hiki hiki chetu:

“Ba papa, minye sikuje kufukuza muntu. Hii machini haijue tangi. Haijue fasi kuko nguzo, haijue wapi tope inakuwa nguvu. Nahitaji muntu moja mwenye anajua ndani, akae hapa kwa kiti, aendeshe. Nitabajaribu mpaka Ijumaa ya juma lijalo. Mwenye atafaulu, hataingia tena tangini maisha yake yote.”

Maneno hayo ya mwisho yalinipiga kifuani. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa ananitazama. Hasira zangu zikazimika palepale. Kama mashine ile ingeweza kumkalisha mtu yule kwenye kiti kivulini, mimi ningeibeba mgongoni kutoka Shituru mpaka Kikula.

Na shemeji aliiweza, jamani! Wengine waliigongesha huku na huku. Yeye alifumba macho kidogo kabla ya kugusa kijiti, akawa anatembea kichwani mwake mle alimokwangua kwa miguu yake. “Hapa kuko nguzo,” anasema, na roboti inazunguka nguzo ambayo kamera haijaiona bado. “Hapa tope ni ngumu, tuanze na maji.” Injinia alikuwa anacheka kwa furaha, anaandika kwenye kijitabu chake. Siku ya tano alimwambia, “Papa, ni weye tu. Ijumaa ni kwa kutia sahihi.”

Siku hiyo ndipo niliporudi nyumbani na kamba ya buluu begani. Nikaifunga kutoka kwenye mparachichi mpaka kwenye nondo za dirisha la chumba cha shemeji, aliyekuwa akiishi kwetu tangu zamani. Mke wangu akatoka na beseni, akaishika, akaivuta kuipima.

“Haitatumika tena?”

“Tena kwa nini? Kuanzia sasa Mugeni ndiye anaingia.”

Alianika pale mashuka yote ya nyumba, hata yale safi.

Kitu kimoja tu hakikubadilika. Roboti ikiingia, mimi nilikaa mlangoni nimeshika kebo yake. Mikono haikujua kufanya kingine. Wenzangu walicheka mpaka machozi. “Mzee, unangoja Mugeni avute mara mbili, umpe maji?” Injinia naye alinisihi, “Papa, achako kebo. Iko na kamera.” Nilimjibu ndiyo, binti yangu, na mkono ukabaki palepale. Mazoea yana taabu.

Ijumaa ikafika. Ilikuwa asubuhi yenye jua kali, na wakubwa walikuwa waje saa nne kutazama na kutia sahihi. Shemeji alivaa shati jeupe la kanisani. Kazi ilikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha mkanda mmoja wa roboti ukaingia kati ya mguu wa nguzo na bonge la tope gumu, ukakwama. Alivuta kijiti nyuma, ikakataa. Akajaribu mkono wa chuma, tope likaruka likafunika kamera, kisha taa moja ikapasuka na ya pili ikazimika. Kioo kikawa cheusi.

“Usiguse kitu,” injinia alisema. “Naenda kuleta taa ingine kwa depo. Hata ikibaki mule, si neno. Ni machini.” Akakimbia.

Shemeji alibaki kwenye kiti, macho kwenye kile kioo cheusi. Nilikuwa hatua kama tano kutoka kwake, nimechuchumaa mlangoni na kebo mkononi. Nikamwona anasimama. Anavua shati jeupe, analikunja vizuri, analiweka kwenye kiti. Anachukua koleo.

“Weye! Unaenda wapi?”

“Dakika moja tu, Yaya.”

“Hakuna kamba! Na feni haiko!”

Maana hiyo ndiyo hatari iliyokuwepo. Zamani, kabla mtu hajaingia, feni kubwa ilipuliza hewa ndani tangu alfajiri. Tangu Mugeni aje, feni ilihamishwa kwa kazi nyingine, kwa sababu mashine haivuti pumzi. Mle ndani kulikuwa na hewa mbovu tupu. Nilimshika mguu. Alikuwa na jasho, akateleza kama samaki wa Lufira, akaingia.

Yesu wangu! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tangi likanirudishia kelele zangu mwenyewe. Kisha nikasikia koleo: kwa, kwa, kwa. Kebo ikavutwa mkononi mwangu mara moja. Niko mzima. Nikajibu mara moja. Koleo likaendelea, likawa la polepole, likanyamaza.

Nikavuta mara moja. Kimya.

Nikavuta tena. Kimya.

Kila mtu aliyefanya kazi hii anajua kwamba tangi huwa halichukui mmoja. Wa kwanza huanguka, wa pili huingia kumwokoa, na wa pili ndiye hubaki huko. Najua, nimewafundisha wengine. Na bado kichwa changu kilikuwa tayari kimeshaingia mlangoni, harufu ile inanikata pua, namfikiria mke wangu na mashuka yake safi kwenye ile kamba. Niliilaani mikono yangu. Ningekuwa nayo kamba kiunoni mwake ningekuwa nimeshamtoa, lakini nilichokuwa nimeshika kilikuwa kimefungwa kwenye chuma, na kama chuma kimekwama ningevuta nini?

Ndipo kebo ikacheza. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu ilikuwa dhaifu, na kama ningekuwa nimeiweka kebo chini kama walivyoniambia nisingeisikia kamwe.

“Tatu!” nilipiga kelele. “Tatu! Vuteni!”

Hakuna aliyecheka. Mzee wa pampu, mpishi, wapita njia, wote wakashika kebo. Injinia aliporudi alitupa taa chini, akashika nyuma yangu, nikasikia analia huku anavuta. Mwanzo ikawa nzito kama ng'ombe aliyegoma. Kisha ikaachia, maana shemeji alikuwa ameshaukwangua ule mkanda ukatoka. Roboti ikaja inateleza juu ya mikanda yake, polepole, na mgongoni mwake shemeji alikuwa amelala kifudifudi, kebo ameizungusha mkononi, kama gunia la makaa kwenye baiskeli. Mabega yakakwama mlangoni. Tulimchomoa kwa mikono.

Alikuwa anapumua. Kidogo, kwa kukwaruza, lakini anapumua. Alipofumbua macho nilikuwa namtukana. Nilimtukana matusi yote ya baba yangu na mengine ya Kifaransa, huku nimempakata kichwa mapajani.

“Minye sikufikiri, Yaya,” alisema. “Taa yake ilizimika. Niliona muntu.”

Hospitalini walimpiga picha ya kifua. Picha haina undugu na mtu. Daktari aliona ya siku ile, akaona na ya miaka yote niliyomfichia, akaandika barua. Kiti cha kivulini hakikuwa chake tena, wala kazi nyingine yoyote pale. Nilimweleza mke wangu kila kitu siku hiyohiyo, nimepiga magoti jikoni. Siku nne aliniachia chakula mezani na kwenda zake. Siku ya tano alinipa mkononi, nikajua nimeanza kusamehewa, ingawa si kwa yote.

Injinia alikuja kutuona na mkate na sukari. Alikaa karibu na shemeji, macho mekundu. “Papa, niliwaambia ni machini,” alisema. “Nilisema wazi.”

“Ulisema, binti yangu,” shemeji akamjibu. “Lakini ilikuwa inafanya kazi yetu.”

Kisha injinia akaniomba mimi niiendeshe. Nilikataa kwa hasira, nikasema afadhali niuze chumvi sokoni Kikula. Mke wangu alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua kichwa. “Weye ukikataa,” alisema, “kesho bataingiza ndugu ya nani?” Basi nikakubali, lakini kwa sharti moja: feni irudi, ipulize kila siku, hata kama ndani hamna mtu. Wakubwa walisema ni kupoteza umeme bure. Injinia alisimama upande wangu mpaka wakachoka.

Sasa nakaa kivulini na kijiti. Jicho langu ni zito, lakini nina mwalimu. Jioni shemeji hunifundisha akiwa kitandani, anachora sakafu ya tangi kwa kidole juu ya shuka: nguzo hapa, bonge hapa, hapa usiende upesi. Tangu roboti ile ije, hakuna mtu aliyeingia tena kwenye matangi yetu. Hata mmoja. Vijana wa kazi wananenepa, wanaoa, wanakohoa mafua ya kawaida tu. Nikiitazama Mugeni inavyotoka imepakwa tope kila mahali, huwa naifuta kwa kitambaa changu mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke.

Shemeji, miguu ilimwacha kwanza, pumzi haikutosha kuibeba. Kamba ya buluu bado imefungwa kwenye nondo za dirisha lake, na nguo zetu ziko juu yake. Nikirudi kazini, kabla sijavua viatu, naivuta mara moja pale kwenye mparachichi. Ndani, mkono wake unatoka kwenye nondo, unajibu mara moja, na soksi zote zinacheza. Akivuta mara mbili, mke wangu anampelekea maji. Alituuliza siku moja mara tatu ni nini. Tulitazamana, mimi na shemeji, nikamwambia kwenye kamba ya nguo hakuna mara tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikuwa uani natengeneza kiti. Mke wangu alikuwa anaanika. Kamba ikacheza. Moja. Mbili. Mke wangu akageuka kuchukua kikombe. Tatu.

Niliangusha nyundo. Sijui niliupitaje ule mlango. Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa lile shati jeupe la kanisani, amelifunga vifungo vyote mwenyewe, anatweta na anacheka.

“Umenitisha, mjinga weye!” nilimwambia, machozi yananitoka. “Unataka nini?”

“Si unajua maana yake, Yaya?” alisema. “Nitoe. Nimechoka ndani. Nataka kuona jua.”

Nikageuka, nikachutama, akanishika shingo. Mtu huyu zamani alikuwa anabeba magunia mawili kwa mara moja. Nilimwinua kwa mkono mmoja. Tulipofika mlangoni mke wangu alikuwa amesimama na kikombe chake cha maji, akatutazama, ndugu yake mgongoni kwangu, miguu inaning'inia, na nikakumbuka alivyonishika shati siku ile. Yeye akasogea pembeni, akasukuma mashuka kwenye kamba ili tupate njia.

“Pita,” alisema. “Mutoe.”

Nikamtoa.